Siku ya tatu ndo inayoniuma, sio nusu kaputi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, maana ile barua mliyoitoa ya yule ndugu ambaye baba yake kavunjika nyonga na familia imegoma kabisa mzee asilazwe kwa nusu kaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi kabisa wakati wa upasuaji, imeninyima usingizi. Nimeisoma mara tatu. Simlaumu, hapana, mi mwenyewe nilishakua hapo hapo alipo, maneno yale yale na hofu ile ile, ila kwenye barua yake kuna sentensi moja kaiandika kama kitu kidogo tu, kwamba leo ni siku ya tatu na bado wanajadiliana. Hiyo siku ya tatu ndo inayoniuma mimi, sio nusu kaputi.

Mama yangu ana miaka 81. Alianguka usiku akitoka bafuni, wala hakuanguka kwa kishindo, aliteleza tu akakalia ubavu, lakini nilipofika nikamkuta mguu wa kulia umegeukia nje, vidole vinatazama ukutani, na ukiulinganisha na mwenzie unaona kabisa umekua mfupi. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, usiniguse kwanza." Hospitali wakapiga eksirei, shingo ya paja imevunjika, daktari wa mifupa akatuambia wazi kwamba kwa umri huu pale hapaungi penyewe, kichwa cha mfupa kinatolewa anawekewa cha chuma, na vipimo vikiwa sawa kesho asubuhi anaingia. Kesho asubuhi! Tulikua na bahati ambayo wengi hawaipati, nafasi ipo, daktari yupo, damu ipo. Halafu sisi wenyewe ndo tukaiharibu.

Ilikua hivi. Nesi kaleta fomu ya kusaini, kwenye fomu kuna sehemu ya dawa ya usingizi, akauliza tu kwa wema kama tuna swali. Kaka yangu mkubwa akaruka, mama hapewi nusu kaputi, wazee wakilazwa hawaamki na wakiamka akili haziko sawa tena. Mama mdogo naye yuko kwenye simu anasema sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi kiuno na miguu mtu akiwa macho, msithubutu, kuna mtu anamjua alichomwa hiyo sindano mpaka leo kiuno kinamsumbua, wengine miguu inapooza kabisa. Basi grupu la familia likawaka moto, voisi noti juu ya voisi noti, binamu kaleta makala, shemeji kaleta video, kila mtu ana mtu wake anayemjua. Fomu imekaa juu ya kabati la kitandani haijasainiwa. Asubuhi ikapita, jina la mama likatolewa kwenye orodha ya siku ile akapangiwa kesho, kesho nayo ikafika bado tunavutana. Na siku zote hizo mbili mama alikua hali wala hanywi tangu usiku, anasubiri upasuaji ambao haufanyiki, midomo imepasuka, ulimi unanata, akiongea unasikia kabisa neno linavyokwama.

Nilikuja kujua baadae kwamba hata kule kumzuia maji hakukua na maana. Chakula kigumu ndo kinasimamishwa saa 6 kabla, maji matupu mgonjwa anaruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya kuingia. Hakuna aliyetuambia na sisi hatukuuliza.

Usiku wa pili ndo sitausahau. Nilikua nimekaa pembeni yake nasinzia, nikashtuka namwona anavuta nyuzi za shuka, anavuta moja moja kama anachambua kitu, anaikunja kidoleni halafu anairudisha. Nikamwita. Akanitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akaniambia nifunge mlango kuna watu wanapita na mizigo. Mama yangu, ambaye mchana ule ule alikua amemkumbusha kaka tarehe ya kuzaliwa kwa mjukuu wake. Nilitoka nje nikalia kwenye korido.

Sasa Mhariri naomba msomaji aangalie vizuri hapa. Mama alichanganyikiwa kabla hajapewa dawa yoyote ya usingizi. Hakuna nusu kaputi iliyokua imeingia mwilini mwake, hakuna sindano ya mgongo. Kilichomchanganya ni maumivu ya mfupa uliovunjika ambao kila akigeuzwa unasugua, ni kiu, ni njaa, ni taa ya wodi inayowaka usiku kucha, ni miwani yake ambayo mimi kwa mkono wangu niliiweka kwenye mkoba nikaufunga ili isipotee. Tulikua tunamlinda na kitu ambacho hakijamgusa huku tukimwachia vitu vinavyomla pale pale mbele ya macho yetu.

Asubuhi yake akaja daktari wa usingizi, mama mmoja wa makamo, mpole, akavuta kiti akakaa usawa wa kichwa cha mama. Wala hakuanza na sisi. Alimwuliza mama miwani yako iko wapi, nikaitoa mkobani naona aibu, akamvalisha, akamwambia anaitwa nani na leo ni siku gani, halafu akaomba ruhusa amchome sindano ya ganzi juu ya paja. Aliweka kile kifaa cha altrasaundi kwenye kinena, akaangalia kwenye skrini, akaingiza dawa taratibu kwenye nafasi inayopita neva za mbele ya nyonga. Haikufika nusu saa mama akapumua kwa kirefu. Ndo mara ya kwanza tangu aanguke kumwona amelegeza mabega. Nikamwuliza daktari mbona hii sindano hakuchomwa siku ya kwanza, akakaa kimya kidogo akasema ilipaswa.

Nimesoma sana baada ya hapo, usiku mwingine nilikua nasoma mpaka macho yanauma, na hiyo sindano ya paja sio kitu cha kubahatisha. Kuna uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, wa 2020 uliokusanya tafiti 49 za watu waliovunjika nyonga, ukaonyesha kwamba ganzi ya neva inapunguza maumivu ya kujisogeza ndani ya nusu saa, na waliopata hiyo ganzi walichanganyikiwa wachache zaidi na walipata nimonia wachache zaidi. Yaani sindano moja ya paja ina ushahidi wa kulinda akili ya mzee kuliko ugomvi wetu wote wa grupu la familia.

Basi turudi kwenye ugomvi wenyewe, maana najua wasomaji wengi wanataka hilo, ipi ni salama, nusu kaputi au mgongo.

Daktari alitueleza hivi, na baadae nimehakikisha mwenyewe. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini sindano ya mgongo ni bora kwa mzee, hoja ilikua kwamba akili haiguswi na dawa za kulaza, mapafu hayawekewi mpira, basi ataamka vizuri. Inaingia akilini kabisa, hata mi ningeamini. Lakini kuamini sio kupima. Walipokuja kupima kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, huyu kundi hili yule kundi lile, mambo hayakutoka hivyo. Utafiti mkubwa ulitoka 2021, ulifanyika Marekani na Kanada, hospitali 46, wagonjwa 1,600 wenye miaka 50 na zaidi waliovunjika nyonga. Wakahesabu baada ya siku 60 nani amefariki au hawezi tena kutembea hatua chache bila kushikwa na mtu. Waliochomwa mgongo ni asilimia 18.5, waliolazwa nusu kaputi ni asilimia 18.0. Hiyo tofauti ni sawa na hakuna. Kuchanganyikiwa je? Asilimia 20.5 kwa mgongo, 19.7 kwa nusu kaputi. Kaka yangu alipoonyeshwa hizo namba alinyamaza muda mrefu.

Na isionekane ni huo mmoja tu. China nako walifanya wa kwao, hospitali 9, wazee 950 wa miaka 65 na kuendelea, tena wale wa ganzi ya mgongo hawakupewa kabisa dawa ya kuwasinzisha ili mtu asije kusema labda ndo iliyoharibu matokeo. Ndani ya siku 7 waliochanganyikiwa ni asilimia 6.2 kwenye ganzi na asilimia 5.1 kwenye nusu kaputi. Hapo pia tofauti haipo ya kusema hii ndo mshindi. Kuna jambo moja dogo tu nililiona kwenye ule wa Marekani na Kanada, kwamba waliochomwa mgongo waliripoti maumivu zaidi kidogo ndani ya saa 24 za kwanza baada ya upasuaji, ila ni kidogo kweli, sio la kumfanya mtu achague kwa ajili yake.

Kwa hiyo ile hofu ya kaka na ile ya mama mdogo zote mbili zilikua zinapigania kitu ambacho kwa mgonjwa wa kawaida wa nyonga hakibadilishi kama ataishi, kama atatembea wala kama atachanganyikiwa.

Nasema mgonjwa wa kawaida kwa sababu wapo ambao uchaguzi unaamuliwa na mwili wenyewe na hapo daktari asikilizwe. Mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, mfano wofarini au klopidogreli, akichomwa mgongo damu inaweza kuvujia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo ikakandamiza neva, huyo ni vizuri alazwe nusu kaputi kuliko kumsubirisha siku 5 au 7 mpaka dawa iishe, maana kusubiri nako kunaua. Mtu mwenye vali ya moyo iliyobana sana naye sindano ya mgongo inaweza kumshusha presha ghafla, inatakiwa uangalifu mkubwa. Mwingine mapafu yake ni mabovu, anapumua kwa shida hata akiwa amekaa, huyo daktari anaweza kupendelea mgongo. Hizi ni sababu za kweli. "Kuna mtu namjua" sio sababu.

Hiyo ya kupooza naomba niieleze kidogo maana ndo inayotisha watu kuliko zote. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva, kwa mtu mzima unaishia juu kidogo ya kiuno, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, pingili ya tatu na ya nne au chini zaidi, ambapo kilichobaki ni nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, zinasogea sindano ikipita. Dawa inayowekwa ni kidogo sana, mililita 2 hivi, na kwa mzee mara nyingi inapunguzwa zaidi. Miguu inakufa ganzi saa mbili tatu halafu inarudi. Madhara makubwa ya neva yapo lakini ni nadra sana. Hata kuumwa kichwa ambako watu wanakusimulia, sindano za siku hizi ni nyembamba mno, na wazee hawaumwi kichwa sana kama vijana. Aliyeanzisha hii kitu, Mjerumani August Bier, mwaka 1898 kule Kiel, alimwambia msaidizi wake amchome yeye mwenyewe, kisha yeye akamchoma msaidizi, akampiga nyundo kwenye muundi aone kama anasikia, hakusikia, na wote wawili waliumwa vichwa siku zilizofuata. Zilikua sindano za wakati ule. Nimeshangaa sana kuona hofu ya miaka zaidi ya 120 bado inatembea kwenye simu zetu.

Na ya kutoamka nayo. Mzee hahitaji dawa nyingi kama kijana, kila miaka 10 inayopita baada ya 40 kiasi cha gesi ya usingizi anachohitaji mtu kinapungua kwa asilimia 6 hivi, daktari wa usingizi anajua hilo, anapunguza, anakaa pale kichwani mwanzo mwisho anaangalia presha, oksijeni na mapigo. Sisi tunadhani anachoma dawa anaondoka, kumbe ndo anabaki kuliko wote. Wazee wanaofariki baada ya kuvunjika nyonga, na ni wengi kweli, karibu robo au hata zaidi ndani ya mwaka mmoja sehemu nyingi duniani, wengi wao hawafii pale mezani. Wanafariki wiki na miezi inayofuata, kwa nimonia, kwa moyo, kwa damu iliyoganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, kwa vidonda vya kulalia vilivyooza, kwa kudhoofika tu kitandani.

Ndo maana nasema siku ya tatu. Kuna utafiti uliotoka 2020 uliofanyika nchi 17, wagonjwa 2,970, kundi moja liliharakishwa sana, kama saa 6 tu tangu kugundulika wakawa wanapasuliwa, kundi la pili lilienda kwa utaratibu wa kawaida, kama saa 24. Niwe mkweli, vifo havikutofautiana kwa maana yoyote, asilimia 9 na asilimia 10. Lakini walioharakishwa walichanganyikiwa wachache zaidi, walisimama mapema zaidi na walitoka hospitali mapema zaidi. Na angalia vizuri, hao waliochelewa ni saa 24. Sio siku tatu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, tangu 2011 unasema upasuaji ufanyike siku ile ile aliyolazwa au siku inayofuata, mgonjwa aelezwe faida na hatari za mgongo na za nusu kaputi kisha achague, na siku moja baada ya upasuaji anyanyuliwe. Achague yeye. Sio kaka yake, sio mama mdogo kwenye simu, yeye, kama akili iko sawa.

Na kwetu hakuna aliyemwuliza mama mpaka yule daktari alipokuja! Ganzi ya paja ilipokolea na miwani iko usoni akili ilikua imetulia, daktari akamweleza zote mbili kwa maneno mafupi, akamwuliza unapenda ipi. Mama akasema, "Mimi nilaze. Sitaki kusikia nyundo za upasuaji." Mara moja hiyo, haikuzidi dakika. Siku mbili za kelele, na jibu alikua nalo yeye muda wote amelala nalo pale.

Aliingia mchana. Ilichukua saa moja na nusu hivi. Alipotolewa nikamkuta macho mazito lakini akanijua, akaniita kwa jina langu mimi, akauliza kama kaka amekula. Usiku ule alichanganyikiwa tena, nisifiche, alitaka kushuka kitandani aende kwao, na kaka akaanza si niliwaambia, nikamshika mkono nikamtoa korido nikamkumbusha nyuzi za shuka za usiku wa jana yake. Tulichokua tumeshajifunza ni nini cha kufanya. Miwani haitoki usoni mpaka anapolala. Pazia linafunguliwa asubuhi, taa inapunguzwa usiku. Mtu mmoja wa familia yuko pale, mmoja tu, anamweleza yuko wapi na kwa nini, bila kubishana naye, akisema kuna watu wanapita na mizigo unamwambia nipo hapa mama, mlango nimeufunga. Tukaomba mpira wa mkojo utolewe mapema, maana ule nao unamsumbua mzee na unaleta maambukizi. Kuna nesi wa zamu alitaka kumpa dawa ya kumlaza atulie, nikamwomba kwa heshima amwulize daktari kwanza, daktari akakataa, akasema hizo dawa za usingizi za kumeza kwa mzee aliyechanganyikiwa mara nyingi zinamzidishia. Maumivu alipewa parasetamoli kwa saa zake bila kusubiri alalamike, na ile kali ya mofini kidogo kidogo pale inapobidi. Siku ya tatu baada ya upasuaji akili ilikua imerudi yote. Ila wapo wanaokaa wiki kadhaa na wapo ambao hawarudi kamili, hilo lisifichwe kwa familia yoyote.

Nataka niseme pia kuna kuchanganyikiwa kwa kimya. Mzee halalamiki, halii, hasumbui, analala tu anatazama dari, ukimwuliza anajibu polepole au hajibu, na ndugu wanafurahi wanasema leo katulia. Kitanda cha pili pale wodini kulikua na bibi wa namna hiyo. Hakuna aliyejua kwamba yuko vibaya mpaka fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipojaribu kumkalisha. Huyo wa kimya ndo anayesahaulika kuliko anayepiga kelele.

Asubuhi baada ya upasuaji fizio akaja na woka, ile fremu ya kushikilia wakati wa kutembea. Mi nilidhani anatania. Mtu kapasuliwa jana! Akasema jana ndo jana, leo anasimama, kile kichwa cha chuma kimewekwa ili akanyage sio ili alale. Mama alikalishwa kwanza pembeni ya kitanda miguu inaning'inia, wakapima presha, kizunguzungu kikapita, wakamnyanyua wawili. Alishika woka mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Alipiga hatua nne mpaka kwenye kiti. Nne, nilizihesabu kwa sauti kama mtoto anayeanza kutembea. Alikaa pale kwenye kiti dakika ishirini akitazama nje, jasho linamtoka, na akasema sasa nasikia kama mtu.

Kwenye dawa za usingizi tulipoteza siku mbili, kwenye hizo hatua nne nusura tupoteze wiki, kwa sababu ndugu walipokuja jioni kumwona wote walisema aachwe apumzike, masikini kaumia, kesho kutwa. Upendo wa kumlaza. Mhariri mi naamini kabisa wazee wengi tunawapoteza hapo, kwenye kupumzishwa.

Mambo mengine nayapitia haraka. Dawa ya kuzuia damu kuganda tuliambiwa aendelee nayo wiki kadhaa, wengine wanaacha wakitoka hospitali, wasiache bila kuuliza. Chakula chenye protini ya kutosha. Na mifupa yenyewe, maana mtu akivunjika nyonga kwa kuteleza tu kutoka kimo chake ina maana mifupa imeshakua dhaifu na ya upande wa pili iko njiani. Hapa nina malalamiko. Tuliruhusiwa na bahasha ya eksirei na vidonge vya maumivu, hakuna aliyetaja mifupa, nilikuja kusoma mwenyewe kwamba ipo dawa inaitwa asidi ya zoledroniki, inaingia kwa dripu mara moja kwa mwaka, na utafiti wa 2007 wa watu 2,127 waliokua wamepasuliwa nyonga ulionyesha kwamba waliopewa walivunjika tena wachache kwa asilimia 35 na vifo vilipungua kwa asilimia 28. Inahitaji figo ziwe nzuri na vitamini D isiwe chini. Nilirudi nikauliza, daktari akasema ndio kweli, ngoja tupime. Sasa kama nisingeuliza? Wangapi hawajui kuuliza?

Mama sasa anatembea na fimbo moja. Ngazi bado. Anasahau kidogo kuliko zamani, sijui kama ni umri au ni zile siku mbili, na hilo swali nalala nalo.

Ombi langu kwenu gazeti ni kwamba ukurasa wa afya mwite daktari wa usingizi aeleze haya kwa kirefu na kwa lugha ya nyumbani, maana kila siku tunasoma habari za moyo na sukari na uzito, huyu anayetulaza na kutuamsha hatumjui. Aulizwe na kuhusu ganzi ya paja, kwa nini sehemu moja inatolewa mapokezi na sehemu nyingine mgonjwa anakaa siku mbili anaguna.

Na kwa yule ndugu wa barua. Kama baba yako bado yuko pale kitandani wakati hii inatoka, tafadhali usisubiri grupu likubaliane. Nenda leo, mvalishe miwani na kifaa cha masikio kama anacho, mpe maji kama anaruhusiwa, mwulize nesi kama ganzi ya paja inawezekana, halafu mwombe daktari wa usingizi aje amweleze yeye mwenyewe baba zote mbili, mkiwa wachache, polepole, na mwacheni ajibu. Akishajibu saini. Kisha uliza kesho asubuhi saa ngapi anaingia, na kesho kutwa asubuhi nani atamsimamisha.

Msomaji wenu wa siku nyingi